Re: Moyo kwenda mbio usiku
Dada, umeuliza ufanye nini usiku moyo ukienda mbio na usingizi ukikataa. Kama kuna maumivu ya kifua, nenda hospitali kwanza. Kama ni mawazo tu, jaribu hivi: mimi hukaa barazani, kiganja tumboni, navuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi 4, kiganja kinainuka. Kisha naitoa hadi 6, midomo imebana kama napuliza kikombe cha kahawa chungu. Siri iko kwenye kutoa: pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua. Usijibane, utapata kizunguzungu. Dakika 5 zanitosha, ila hapa Langoni, Lamu, punda akilia tu hesabu yote imepotea, naanza upya!