Mnaouza mifumo hapa Dodoma, someni faili la leseni

Juzi kijana wa UDOM kaniletea mfumo wa duka la dawa nimsaidie kupanga bei. Nafungua msimbo (source code, maandishi yanayounda programu), nakuta ni programu huria ya watu, kafuta majina ya waandishi juu ya kila faili na kuweka lake. Faili la leseni, lenye masharti ya wenye programu, liko wapi? "Nililifuta kaka, halikuwa na kazi." Wadogo zangu, mtaniua kwa presha.

1. Leseni huria (open source, inayoruhusu yeyote kutumia na kubadilisha msimbo) haikatazi kuuza. Hata GPL, mojawapo ya leseni hizo yenye masharti makali, inakuruhusu kutoza bei yoyote. Red Hat, waliojengea biashara yao juu ya Linux, mfumo endeshi huria, walinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34.

2. MIT, leseni nyingine huria: usiondoe tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni, endelea na shughuli zako. GPL: ukimkabidhi mteja programu, msimbo ni haki yake, pamoja na ulichoongeza wewe. AGPL, ndugu yake GPL: ukiibadilisha programu, hata anayeitumia kwa mtandao tu kwenye seva yako ana haki hiyo.

3. Msimnyime mteja msimbo. Hili mimi limenitoa jasho. Nilichukua mfumo wa uhasibu wenye GPL, nikaufanya Kiswahili, nikaongeza ripoti za mikopo, nikaufuta majina ya wenyewe na kuuza kwa SACCOS moja kama wangu. Baadaye akaja mhasibu mpya, binti mpole, akaomba nakala ya msimbo waitunze. Nikaja juu: hiyo ni siri ya biashara! Hakubishana. Mbele ya bodi alinakili ujumbe mmoja wa hitilafu niliosahau kuutafsiri, uliobaki kwa Kiingereza, akautafuta Google. Mradi mzima ukatokea, majina na leseni. Mwenyekiti, mzee wa Kigogo, akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, sisi tulikulipa nini?"

Na jibu lilikuwepo! Zile ripoti, kuhamisha madaftari, kukaa na makarani mpaka jioni, kuamsha seva kila umeme ukirudi. Ila kwenye ankara niliandika "Programu", mstari mmoja, bei moja. Ningetaja kazi na kuwapa msimbo tangu mwanzo, nani pale angenifukuza? Matengenezo wakampa mwingine. Msimbo nikawapa hata hivyo, bure, nimeinamisha kichwa.

4. Kwa hiyo kwenye ankara tenganisha: usimikaji, mafunzo, kuhamisha data, matengenezo ya mwaka. Wapo wanaokula vizuri kwa DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo unaokusanya takwimu za afya hapa nchini, na hawajauandika wao. Wanafundisha wilayani, wanatunza seva. Mtu anapiga simu kutoka Mpwapwa saa mbili usiku, ripoti ya mwezi imegoma, wewe unapokea. Hiyo simu ndiyo inayolipiwa, na hakuna wa kuipakua GitHub, kule mtandaoni misimbo huria inakohifadhiwa.

5. Ukirekebisha hitilafu, warudishieni wenye mradi. Si wema tu: wakiikubali, toleo jipya likitoka hukeshi kupachika marekebisho yako upya.