Muulize Fundi: Kompyuta Mpakato Haipakatwi

Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Morogoro. Hosteli yetu haina meza za kutosha, kwa hiyo kazi zangu zote nafanyia kitandani. Kompyuta yangu inachemka, feni inavuma mpaka wenzangu wanalalamika, na juzi ilijizima nikiwa katikati ya ripoti. Kuna jambo jingine naona haya kulisema: paja langu la kushoto lina alama za kahawia zilizopishana kama wavu. Haziumi wala haziniwashi. Je, zinahusiana na kompyuta?
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usione haya, umefanya vizuri kuuliza. Ndiyo, nadhani zinahusiana.

Jina lenyewe linatupotosha. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, nasi tumesikia "mpakato" tukaamini kwamba hapo ndipo mahali pake. Hebu izime, ipindue, uitazame tumboni. Utaona matundu. Kompyuta nyingi huvuta hewa kwa chini na kuitoa ikiwa moto ubavuni au nyuma. Ukiiweka juu ya godoro inazama, matundu yanazibwa na shuka, na feni inazunguka bure. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na isipopoa mashine huzima. Ile juzi haikufa, ilikuwa inajiokoa. Usingoje ijiokoe mara nyingi.

Sasa paja lako. Ngozi haihitaji moto wa kubabua ndipo idhurike. Joto la nyuzi 43 hadi 47, ambalo mtu analivumilia bila kushtuka, likirudiwa kila siku kwa wiki na miezi linatosha kuchora wavu kama huo. Madaktari wanauita kwa Kilatini erythema ab igne, yaani wekundu utokao motoni, kwa sababu zamani waliupata zaidi watu waliokaa karibu na moto au makaa kwa saa nyingi. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics la Marekani lilieleza habari za mvulana wa miaka 12 huko Uswisi, aliyecheza michezo ya kompyuta saa kadhaa kila siku kwa miezi, mashine ikiwa mapajani. Lililopata alama ni paja la kushoto, kama lako.

Fanya hivi leo. Nenda kwa seremala umwombe kipande cha ubao kipana kuliko kompyuta yako. Bandika vizibo vinne vya chupa za maji juu yake, kila pembe ya kompyuta ikalie kizibo kimoja, hewa ipite chini. Ubao huo ukae kitandani nawe ukae pembeni, usiulaze mapajani. Kisha mpelekee fundi kompyuta aifungue. Karibu kila mashine ya hosteli ninayoifungua hapa Kariakoo ina vumbi lililogandamana mbele ya feni kama kipande cha blanketi. Mwambie pia abadilishe pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ikiwa imekauka. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate.

Alama nyingi za namna hii hufifia joto likikoma, ingawa nyingine hubaki. Zisipofifia, au ngozi ikianza kuwa ya kukwaruza au kutoa kidonda, nenda kwa daktari wa ngozi umweleze habari za kompyuta. Usipomwambia, huenda asifikirie kuuliza.

Fundi, salaam aleikum. Nina duka hapa Unguja mjini, kompyuta yangu nimeichomeka kwenye umeme tangu asubuhi hadi usiku, mwaka wa tatu huu. Sasa pale pa kugusia kidole pamenyanyuka, hapabonyei, na kifuniko hakifungi sawasawa. Nimeweka daftari za hesabu juu yake usiku ili kikae, lakini wapi.
Mwenye duka, Unguja

Waaleikum salaam kaka. Kabla hujamaliza kusoma, ondoa hizo daftari, izime kompyuta na uchomoe chaja. Usiichaji tena.

Hiyo ni betri imevimba. Imekaa chini ya hapo unapogusia kidole, na inasukuma kila kilicho juu yake. Ndani ya betri ya lithiamu kuna tabaka nyembamba zilizokunjwa pamoja na kimiminika kinachoshika moto. Kimiminika hicho kikichakaa hutoa gesi, na mfuko hauna pa kuitolea, basi unafura. Ukiukandamiza au kuutoboa, tabaka zinagusana, na hapo betri inaweza kuwaka ghafla. Nimeliona kwa macho yangu. Kijana tuliyekuwa naye benchi moja alijaribu kuinyanyua betri iliyofura kwa bisibisi. Moshi ulijaa chumba kabla hajaiweka chini, na mkono wake una kovu mpaka leo. Tangu siku ile, mtu akinifikishia betri iliyovimba, naacha kazi nyingine zote.

Iweke kwenye sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia na maboksi ya bidhaa, isipigwe na jua. Mpelekee fundi aliyezoea betri, na mwambie mlangoni kwamba imevimba, asiifungue kwa pupa. Kompyuta yenyewe mara nyingi hupona kabisa ikipata betri mpya. Ile ya zamani isitupwe jalalani, maana taka zetu huchomwa moto na watoto wanapita hapo. Muulize fundi anazipeleka wapi, na kama hana jibu, tafuta mwingine.

Kwa nini imevimba? Umri ni sababu mojawapo. Lakini betri hizi huchakaa upesi zikikaa zimejaa asilimia 100 huku zina joto, na yako imekaa hivyo miaka mitatu katika joto la duka. Ukipata mpya, ingia kwenye mipangilio. Kompyuta nyingi za sasa zina sehemu ya kuiambia ikome kuchaji ikifika 80. Isiyo nayo, ichomoe ikijaa na uichomeke tena kabla haijashuka chini ya 20. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, usiiache kaunta usiku. Unyevu wa chumvi unakula madabodi, ile bodi kuu ya ndani, polepole bila wewe kujua.

Mwanangu amemwagia kompyuta chai ya maziwa. Jirani anasema niifukie kwenye mchele. Nifanyeje?
Mama, Tanga

Acha mchele, mama. Hauwezi kutoa sukari na maziwa, na hivyo ndivyo vinavyoua. Bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, fungua kifuniko uiinamishe kama paa la kibanda, kibodi ikitazama chini, na uifikishe kwa fundi leo hii aisafishe kwa spiriti. Usiiwashe "kujaribu tu". Nyingi huletwa kwangu siku ya tatu, na kilichoziua ni kule kujaribu.

Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani kwa kompyuta mpakato. Shingo inaniuma hadi mabegani, na jioni macho yanakauka. Nimenunua kiti cha bei lakini hakijasaidia.
Mhasibu, Dodoma

Kiti si tatizo lako, dada. Kioo na kibodi vimeunganishwa: ukikiinua kioo hadi machoni mikono inaning'inia juu, ukikishusha ili mikono ipumzike shingo inainama. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, nawe unakishikilia kikiwa kimeinama kutwa. Vitenganishe. Panga vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako, kisha nunua kibodi na mausi za kuchomeka, hata zile za bei ndogo. Viwiko vikae karibu na mbavu, kama pembe ya mraba. Macho yanakauka kwa sababu mtu akikodolea kioo hupepesa kidogo. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 mbali, kwa sekunde 20. Kama dirisha lako linaonyesha mti, geuzia meza upande huo, lakini mwanga wa jua usipige kwenye kioo.