Mwenye kibanda alizima mapema

Wiki hii mmeuliza kama onyesho la mwisho linaweza kubadili maana ya filamu nzima. Ndiyo, linaweza, na shahidi wangu ni mwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu, ambaye mwisho hakuwahi kutuonyesha.

Adui mkuu akishaanguka tu, jamaa anazima deki na kuwasha taa. "Haya tokeni, wenzenu wanasubiri." Hatukulalamika. Stelingi hafi, adui kafa, kiingilio chetu kimelipa. Hivyo ndivyo nilivyoiona Shane, filamu ya kauboi ya mwaka 1953: Shane, mgeni hodari wa bastola, anafika kwenye bonde la Wyoming, anawatetea wakulima dhidi ya mfugaji mkubwa anayetaka kuwang'oa, na mwishowe anaingia baa kumwangusha muuaji wa kukodiwa mwenye kofia nyeusi. Tulirudi nyumbani tukipigana risasi za vidole njia nzima.

Nilikuja kuiona yote nikiwa na watoto wangu. Kumbe baada ya risasi kuna mambo! Shane yuko nje ya baa na Joey, mtoto wa mkulima, anamweleza kwamba mtu akishaua hawezi kuishi tena kama wengine. Mtoto anaona damu. Halafu Shane anaondoka juu ya farasi, mkono mmoja umelegea, anapita makaburini gizani huku Joey akimwita arudi, naye hajibu. Watu wanabishana mpaka leo kama amefia juu ya tandiko. Hilo halininyimi usingizi. Kinachonikaa moyoni ni kwamba wakulima sasa wamepata amani, na amani yenyewe haina mahali pa kumweka aliyeileta. Ile ya kibandani ilikuwa filamu ya ushindi. Hii ni ya mtu aliyefukuzwa na ushindi wake.

Ila nisimlaumu sana yule bwana, kwani ana wahenga wake. Katika The Great Train Robbery ya 1903 kuna picha ya jambazi anayewaelekezea watazamaji bastola na kufyatua. Kampuni ya Edison, iliyoitengeneza, iliwaachia waonyeshaji waiweke mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Mwanzoni ni kionjo tu. Mwishoni, majambazi wote wameshauawa, kwa hiyo anayekupiga risasi ni maiti.

Wasiosadiki kwamba mwisho hubadili maana waitafute filamu ya Il grande silenzio ya Mtaliano Sergio Corbucci, ya 1968. Theluji tupu, Utah. Silence, bubu mwenye shabaha, anapambana na Loco, anayewinda watu waliotangaziwa donge nono. Stelingi anakufa! Mwanamke aliyempenda anakufa, mateka wanamiminiwa risasi, na Loco anaondoka zake akijua malipo yake ni halali kisheria. Lakini Corbucci alipiga pia mwisho mwingine, wa furaha: sherifu tuliyedhani amezama chini ya barafu anatokea juu ya farasi na kuwaokoa. Kote kulikotangulia ni kulekule, theluji ileile. Katika mwisho mmoja sheria ilichelewa tu njiani. Katika mwingine sheria ndiyo inayomlipa muuaji.

Huwa nacheka nikiiwazia filamu hiyo kwenye kibanda chetu. Adui hafi, sasa jamaa angezima wapi?