Sayari nazo huhama?

SWALI: Mhariri, nimesoma kuwa kuna sayari kubwa kama Mshtarii zinazozunguka nyota zao kwa siku 4 tu. Shuleni tuliambiwa majitu ya gesi huzaliwa mbali, kwenye baridi. Nani kazisogeza?

JIBU: Swali lako liliwatoa jasho hata wenye fani. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia darubini ya Haute-Provence, Ufaransa, waligundua kuwa nyota 51 Pegasi inayumba, ikivutwa na sayari inayoizunguka. Sayari yenyewe hawakuiona. Waliona mwanga wa nyota ukielemea ubuluu kidogo nyota ikitusogelea, kisha wekundu ikienda mbali nasi, kila siku 4.2, kama mtu anayezungushwa na mtoto aliyemshika mikono. Basi sayari hiyo huizunguka nyota yake kwa siku 4.2, ilhali Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua! Nami niliposoma mara ya kwanza nilidhani mchapaji kakosea.

Maelezo ninayoyapenda ni haya: sayari changa hukulia ndani ya sahani ya gesi na vumbi. Huivuta gesi ikatengeneza mawimbi, nayo mawimbi huivuta sayari, ikaporomoka taratibu kuelekea nyota. Gesi ikitoweka, mvutano huo nao huisha. Wengine husema sayari jirani zilivutana hadi moja ikarushwa ndani; huenda njia zote mbili hutokea.

Hata kwetu wamo wahamaji. Inaaminika Neptuni ilisogea nje, ikamkokota Pluto. Mpaka leo Neptuni ikizunguka Jua mara 3, Pluto huzunguka mara 2.