Vitabu vya safari za Ulaya: anza na waliotoka huku kwetu

Watu wakijua napenda vitabu vya safari za Ulaya huwa wananiuliza waanze na kipi, na wengi wanategemea niwatajie vile vya mwongozo wa watalii vyenye mnara wa Eiffel kwenye jalada. Vile sio vya kusoma jamani, vile ni vya kuangalia hoteli iko wapi na makumbusho yanafungwa saa ngapi, na vinazeeka haraka mno. Croatia kwa mfano, kitabu chochote cha kabla ya 2023 kitakupa bei kwa hela yao ya zamani iliyoitwa kuna, na kitakwambia nchi haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wakati tangu Januari 1, 2023 wanatumia euro na Schengen wameshaingia. Cha mwongozo nunua kipya au tumia simu, basi.

Ninachoongelea mimi ni kile ambacho mtu katoka kwao, kaenda, kaona, halafu kakaa chini kasimulia. Na hapo ushauri wangu ni anza na wa kwetu. Wapo, na ni wa zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Carl Velten, alichapisha kitabu kinaitwa Safari za Wasuaheli, na humo yumo Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, anasimulia safari yake ya Urusi mpaka Siberia ya mwaka 1896, tena kwa Kiswahili, yaani unaisoma Urusi ya wakati wa wafalme bila mkalimani katikati. Kiswahili chake cha zamani, saa nyingine inabidi urudie sentensi, ila ukishamzoea hutaki kumwacha.

Mwingine ni Ham Mukasa wa Uganda. Yeye alifuatana na Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, kwenda Uingereza mwaka 1902 kwenye kutawazwa kwa mfalme Edward wa 7. Sherehe ilikuwa iwe Juni 26 lakini mfalme akaugua akapasuliwa, ikasogezwa mpaka Agosti 9. Mukasa aliandika kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1904.

Kwa nini nawasisitiza hawa? Kwa sababu Mzungu akiandika habari za Ulaya kuna vitu vingi haoni sababu ya kuvieleza, kwake ni kawaida tu. Hakwambii watu wanavyokaa kimya kwenye treni, wala kwamba mwezi wa sita saa tatu usiku jua bado lipo na wewe huelewi ulale au usilale. Anayetoka huku anaviona vyote hivyo siku ya kwanza, na ndivyo vitakavyokushangaza na wewe.

Ukishamaliza hao nenda kwa Johny Pitts, Mwingereza mweusi wa Sheffield, kitabu chake Afropean kilitoka 2019. Anazunguka Paris, Brussels, Berlin, Lisbon mpaka Moscow akitafuta watu weusi wanaishi wapi na wanaishije. Nilikisoma nikiwa naishi Ubelgiji na kilinipeleka Matonge, mtaa wa Wakongo pale Brussels uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Unashuka metro Porte de Namur, unatembea kidogo tu, saluni zimepangana, dada kasimama mlangoni anakuita akusuke, dukani kuna mihogo, ndizi za kupika, samaki wakavu na pondu, yaani kisamvu, iliyogandishwa kwenye friza. Nikawa naulizia bei kwa Kifaransa changu cha kubabaisha, mama muuzaji akanitazama, akasema "weye uko mutu ya wapi?" kumbe ni wa Bukavu, tukaongea pale mpaka wateja wakaanza kulalamika. Kitu kama hicho, kitabu cha watalii hakikupi.

Wazungu nao uwasome, sikatai, ila angalia miaka miwili, mwaka wa safari na mwaka wa kuchapwa. Mwingereza Patrick Leigh Fermor aliondoka London Desemba 1933 akiwa na miaka 18, akashukia Uholanzi na kuanza kutembea kwa miguu kuelekea Istanbul, akapita Ujerumani Hitler akiwa hajamaliza hata mwaka madarakani. Kitabu cha kwanza cha safari hiyo kikatoka 1977! Na mjini Munich aliibiwa mkoba wenye daftari lake la safari. Kwa hiyo unachosoma ni mtu mzima anaukumbuka ujana wake, ni kizuri sana lakini ukisome ukilijua hilo. Kama Kiingereza chake kinakuchosha, na kweli ni kizito, chukua cha Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Scotland, na punda wake Modestine kwenye milima ya Cévennes kusini mwa Ufaransa, safari ya 1878, kifupi na kipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na mpaka leo watu wanaifuata njia yake, inaitwa GR 70.

Halafu ramani iwe pembeni muda wote. Kila mji ukitajwa utafute, hata uwe mdogo vipi. Kwa Fermor utaufuata mto Danube, unaopita nchi 10 na miji mikuu minne, Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade, na utaanza kuona kwa nini miji ile imekaa pale ilipo.

Hii inasaidia hata kwenye kupanga safari yenyewe. Viza ya Schengen ya kutembea mwisho ni siku 90 ndani ya siku 180, wengi wetu tunapewa chache zaidi, na ubalozi unataka ratiba. Usikimbilie kujaza nchi sita. Vienna mpaka Bratislava ni kama saa moja kwa treni, Bratislava mpaka Budapest saa mbili na nusu hivi, mto mmoja huo huo, na unafika ukiwa umeshausoma.

Ninachokitafuta mimi sasa ni kitabu cha Mswahili aliyezunguka Ulaya miaka hii ya karibuni, kilichoandikwa kwa Kiswahili. Mwenye kukijua anitajie, nitakinunua popote kilipo.