Kwa wanaoanza kazi ya saluni: ngozi hufanya nini na rangi ya nywele

Kwa ninyi mnaoanza kujifunza kazi ya nywele hapa Bukavu, iwe Kadutu au Ibanda, jambo ambalo ningependa mlifahamu kabla hamjashika brashi ni kwamba ngozi ya kichwa haipokei rangi kimya kimya, bali huifanyia kazi kwa vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, na kazi hiyo ina kikomo.

Tazameni bakuli. Krimu ya rangi nyeusi hutoka kwenye tyubu ikiwa nyeupe kama maziwa. Ikichanganywa na peroksidi ya hidrojeni, huwa kahawia, kisha hukolea hadi nyeusi mbele ya macho yenu. Kinachobadilika hapo ni parafenilenidiamini, ambayo kwenye boksi huandikwa p-Phenylenediamine na kwa kifupi PPD. Ndani ya unywele ndivyo tunavyotaka, kwa kuwa molekuli ndogo zilizopenya huungana zikawa kubwa na kushindwa kutoka. Lakini sehemu ndogo ya PPD huingia katika ngozi, na humo huwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile ile ya bakuli: huoksidishwa ikawa kemikali inayoshikamana na protini za mwili, na protini iliyoguswa hivyo kinga ya mwili huiona kuwa kitu kigeni. Ya pili ndiyo ya usalama: kimeng'enya kiitwacho NAT1, kilichomo katika seli za tabaka la juu la ngozi, huibandika PPD kikundi cha asetili, yaani kifungu kidogo cha atomi, mara ya kwanza na tena mara ya pili, hata isiweze kugeuka kwa urahisi kuwa ile kemikali ya hatari, na hatimaye hutoka kwa mkojo. Wengi hudhani kwamba kazi ya namna hii ni ya ini peke yake, kumbe ngozi huianza mapema.

NAT1 ina uwezo wake, hata hivyo. Seli za ngozi zikipewa PPD kidogo, sehemu kubwa yake hugeuzwa. Zikipewa nyingi, sehemu inayogeuzwa hupungua, na iliyosalia hupita ikiwa nzima. Ndiyo sababu naona kipimo ni muhimu kuliko ustadi wa mkono. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika mchanganyiko unaofika kichwani. Ule unga mweusi unaouzwa sokoni katika vifuko visivyo na maandishi hamwezi kujua una PPD kiasi gani, nami nawasihi msiupake kwenye kichwa cha mtu yeyote.

Msizidishe dakika zilizoandikwa kwenye boksi ili rangi ikolee. Msipake rangi siku mliyotumia dawa ya kulainisha nywele, kwa maana dawa ile huchubua ngozi, na PPD hupenya kwa wingi kuliko vimeng'enya vinavyoweza kumudu. Subirini wiki mbili. Vaeni glavu hata wakati wa kuosha rangi, na msizigeuze ndani nje ili kuzitumia tena, kwa sababu mteja hukutana na rangi mara chache, ninyi mtakutana nayo kila siku.

Mzio wa rangi kwa kawaida hauji papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu, na mara nyingi huonekana kwenye kope, paji la uso na nyuma ya masikio kuliko kichwani penyewe, hivyo mama wa watu hulaumu chakula au sabuni. Jaribuni tone nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kupaka, na mwulizeni kila mteja kama aliwahi kuvimba baada ya rangi au hina nyeusi. Akisema ndiyo, msimpake hata kidogo kwa kujaribu: kinga ya mwili wake imekwisha kuitambua PPD, na kiasi kidogo kinachoponyoka NAT1 kinatosha kuiamsha.