Muziki wa asili na tuzo: niliyoyaona kwenye fomu na kwenye meza ya majaji

Mwanzisha uzi ameuliza maswali mawili: kwa nini tuzo kubwa za muziki, zinapofika kwenye muziki wa asili, huuweka pembeni kama mgeni asiyetarajiwa, na je, ni heri muziki huo uwe na kipengele chake au uachwe ushindane na miziki mingine yote? Nimeona nijibu kwa kirefu kwa sababu nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Kwa miaka kadhaa nilisaidia vikundi vya ngoma na waimbaji wazee kuwasilisha rekodi zao, na baadaye nikaitwa kuwa jaji wa mchujo kwa misimu miwili, kwenye tuzo ambayo sitaitaja. Wengi waliochangia kabla yangu wamesema kwamba tatizo ni dharau. Dharau ipo, nami nimeiona, lakini shina la tatizo nililikuta mahali pasipotazamwa na watu, yaani kwenye fomu.

Fomu ya kwanza niliyoijaza ilikuwa ya kundi la watu 13 lililoongozwa na manju mmoja mzee sana. Tulikaa wawili, mimi nikisoma maswali na yeye akijibu. Jina la wimbo alilitaja bila kusita. Kwenye jina la msanii alitaja la kundi, lakini fomu ilitaka la mtu mmoja, kwa hiyo tukaandika lake, jambo ambalo halikumpendeza kwa kuwa waitikiaji 12 walikuwa wamefutika kwa mstari mmoja wa kalamu. Tulipofika kwenye kisanduku cha mtunzi, alinyamaza. Kisha akaeleza kwamba wimbo aliupokea kwa shangazi yake, na shangazi aliupokea kwa waliomtangulia, ila beti mbili za mwisho amezitunga yeye baada ya msiba uliomgusa, na hata hizo hubadilika kila anapoimba, kwa kutegemea nani yuko mbele yake. Nikamuuliza mwaka wa kutungwa. Akanijibu, "Mwaka wa ubeti upi, mwanangu?"

Kisanduku kilikuwa na nafasi ya tarakimu nne tu. Niliandika "jadi" kwenye sehemu ya mtunzi na kuuacha mwaka wazi. Baada ya wiki chache fomu ilirudishwa ikiwa na maelezo kwamba kazi isiyo na mtunzi haiwezi kuingia kwenye kipengele cha utunzi, na isiyo na mwaka haiwezi kuthibitishwa kuwa ni mpya.

Aliyeandika maelezo yale alikuwa akifuata kanuni, na kanuni zenyewe zina asili yake. Tuzo za muziki, karibu zote tunazozifahamu, zimezaliwa na biashara ya santuri. Kipimo chake ni rekodi: ina msanii mwenye jina, mtunzi mwenye jina, kampuni iliyoitoa, na tarehe ya kutoka inayoangukia ndani ya msimu. Muziki wa asili una kipimo kingine. Wimbo wa kubembelezea mtoto, wa kuvunia au wa kuzikia una thamani kwa kuwa umepokewa na unaimbwa tena, na anayeuimba vizuri ni yule anayejua lini aufuate kama ulivyo na lini auongezee. Ukiuingiza wimbo wa namna hiyo kwenye fomu ya santuri, anayebaki kuonekana ni yule aliyeurekodi mwisho.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mwanzoni mwa Grammy zenyewe, tuzo kubwa za muziki za Marekani. Tuzo hizo zilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1959 hazikuwa na kipengele cha muziki wa jadi, na Kingston Trio, vijana watatu walioanzia California, wakapewa tuzo ya kantri kwa wimbo "Tom Dooley". Ni wimbo wa kale wa milima ya North Carolina, unaosimulia habari za Tom Dula, aliyenyongwa mwaka 1868 kwa mauaji ya Laura Foster. Njia uliyopitia hadi kuwafikia vijana hao inajulikana: mkusanya nyimbo Frank Warner aliuchukua mwaka 1938 kwa Frank Proffitt, mkulima na mtengeneza banjo ambaye aliupokea ndani ya ukoo wake. Tuzo za pili zilipofanyika Novemba mwaka huohuo wa 1959, kipengele cha jadi kilikuwa kimeshaanzishwa, na walioshinda wakawa Kingston Trio tena. Siwalaumu, kwa kuwa waliimba vizuri na wakawafanya watu wengi waanze kuzitafuta nyimbo za aina hiyo. Lakini fomu ilikuwa na mahali pa kuwaandika wao na haikuwa na mahali pa kumwandika Proffitt. Miaka 35 baadaye hali ilikuwa ileile: mwaka 1994 kundi la Ufaransa, Deep Forest, liliteuliwa kuwania Grammy ya "muziki wa dunia", jina lililobeba miziki ya nje ya Magharibi, kwa albamu ambayo wimbo wake uliovuma zaidi ulijengwa juu ya sauti ya Afunakwa, mwanamke wa Visiwa vya Solomon, ambaye mtafiti Hugo Zemp alikuwa amemrekodi akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto.

Ukishaielewa fomu, hutashangaa kuona jinsi majina ya vipengele yanavyotangatanga. Muddy Waters, mtu aliyeipa bluzi ya Chicago nguvu ya gitaa la umeme, alishinda Grammy sita, na zote sita zilikuwa za kipengele kilichoitwa cha muziki wa kikabila au wa jadi. Harry Belafonte na Miriam Makeba walipewa ya muziki wa jadi mwaka 1966 kwa albamu ambayo ndani yake mlikuwa na nyimbo za kuupinga ubaguzi wa rangi, yaani nyimbo za siasa ya siku zilezile. Ladysmith Black Mambazo, kundi la Afrika Kusini, walishinda mwaka 1988 katika jadi, mwaka 2005 na 2009 katika jadi ya dunia, na mwaka 2014 katika muziki wa dunia bila neno jadi. Uimbaji wao ni uleule wa isicathamiya, sauti za wanaume bila ala, na kwa miaka yote hiyo haukuhama ulipo. Kilichokuwa kikihama ni meza ya waandaaji.

Meza hiyo ilihamishwa kwa kishindo Aprili 2011, waandaaji walipotangaza kwamba vipengele vinapunguzwa kutoka 109 hadi 78. Jadi na ile inayoitwa jadi ya kisasa zikaunganishwa, na jadi ya dunia ikaunganishwa na muziki wa dunia wa kisasa. Muziki wa Hawaii, wa Wenyeji Asilia wa Marekani, na wa Cajun na zydeco wa Louisiana ukawekwa kwenye kapu moja lililoitwa la mizizi ya maeneo. Sababu iliyotolewa ilihusu wingi wa kazi zinazowasilishwa na uzito wa ushindani. Kwa mtu wa hesabu ni sababu inayoeleweka, lakini hebu fikiria maana yake kwa jaji: anawekewa kodiani ya Louisiana, ngoma na sauti za pow wow, yaani mikusanyiko ya Wenyeji Asilia, na mwimbaji wa Kihawaii, kisha anaambiwa achague iliyo bora. Bora kwa kipimo cha nani? Ni haki kuongeza kwamba kapu hilo lilikuja kumfaa mwimbaji wa Kihawaii, Kalani Pe'a, ambaye amelishinda mwaka 2017, 2019, 2022 na 2025. Hata hivyo, ushindi wa mmoja haujibu swali la kipimo.

Swali hilo la kipimo nililikuta uso kwa uso nilipokaa upande wa majaji. Tulikuwa na rekodi 64 za kusikiliza kwa siku mbili, na mwenyekiti akaweka utaratibu wa sekunde 90 kwa kila moja, isipokuwa jaji akiomba kuongezewa. Asubuhi ya siku ya pili iliwekwa rekodi ya dakika 17. Katika sekunde 90 zile kulikuwa na ngoma mbili zinazotafutana, moja ikipiga na nyingine ikichelewa kidogo kuijibu, watu wakikohoa, na mtu mmoja akisema jambo kwa mbali. Hakuna aliyeomba nyongeza. Iliyofuata ilikuwa ya msanii kijana aliyechukua mahadhi ya eneo hilohilo, akayawekea kinanda na besi, na kiitikio kikafika kabla ya sekunde ya 20. Karatasi ya alama ilikuwa na mistari mitatu: ubora wa sauti, upya, na mvuto kwa wasikilizaji. Kijana alipata alama za juu kwenye yote mitatu, zikiwamo zangu.

Usiku nilirudi nikaisikiliza ile ya dakika 17 yote. Manju anaingia dakika ya tano, peke yake, kwa sauti ya chini. Waitikiaji wanamjibu kwa neno moja lilelile kwa muda mrefu, mpaka masikio yanaanza kuzoea, na hapo, dakika ya 11, anakata mstari katikati na kuwaachia nafasi tupu. Wanaijaza kwa pamoja, kwa maneno mapya, bila kuambiwa, na ngoma iliyokuwa ikichelewa inageuka kuwa ndiyo inayoongoza. Kile kilichosikika kama ulegevu asubuhi kilikuwa ni maandalizi ya dakika ile. Hakuna mstari kwenye karatasi yetu ambao ungeweza kukipa alama. Kikohozi kilikuwa kimeipunguzia alama za ubora wa sauti, na "upya" iliukosa kwa sababu wimbo ni wa zamani, ingawa jambo lililotokea pale halikuwahi kutokea kabla na halitarudiwa vilevile. Kesho yake niliomba isikilizwe tena. Niliambiwa kwamba alama zimeshafungwa.

Lugha nayo hufanya kazi yake kimyakimya. Kipengele cha Hawaii kilipoanzishwa kwenye Grammy, tuzo ya kwanza, mwaka 2005, ilikwenda kwa mkusanyiko wa gitaa bila uimbaji, na watu wengi wa Hawaii walilalamika kwamba moyo wa muziki wao uko kwenye maneno ya mele, yaani mashairi yao ya kuimbwa, ambayo wapigakura wengi hawayaelewi. Nawaamini, kwa sababu hata kwenye jopo letu kazi za ala tupu zilikwenda mbali kuliko zile zilizotegemea ushairi. Jaji asiyejua lugha hakatai wimbo kwa nia mbaya. Anasikia nusu yake na kuipa alama nusu hiyo.

Sasa nije kwenye swali la pili. Mimi ni wa upande wa kipengele maalumu. Wanaosema kwamba kipengele maalumu ni ghetto, yaani mahali pa kutengwa, wana hoja, na mfano wao mzuri ni Ralph Stanley, mwimbaji mkongwe wa Marekani, ambaye mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 75, alishinda Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa kantri kwa wimbo wa kale alioimba bila ala hata moja. Lakini sauti ile ilifika kwa wapigakura ikiwa imebebwa na filamu iliyotazamwa sana, na filamu ya namna hiyo haiji kila msimu. Mahali ambapo hakuna mbeleko ya aina hiyo, muziki wa asili ukichanganywa na wa soko huwa unapewa kiti kimoja cha heshima tu. Tuzo ya Mercury ya Uingereza iliwahi kumteua mwimbaji wa nyimbo za jadi Norma Waterson mwaka 1996 na binti yake, Eliza Carthy, mwaka 1998. Waliketi kwenye orodha, wakapigiwa makofi, na tuzo ikaenda kwingine. Kwa upande mwingine, katika miaka michache ambayo Grammy ilitenga jadi ya dunia, kuanzia 2004, tuzo ilikwenda kwa watawa wa Kitibeti kwa nyimbo zao za ibada, na mwaka 2006 kwa Ali Farka Touré na Toumani Diabaté wa Mali kwa gitaa na kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi. Mwaka 2020 kipengele kilichobaki kiliacha jina la "muziki wa dunia" kwa sababu lilikuwa na harufu ya ukoloni, na nakubali kwamba jina lilistahili kuachwa. Lakini nafasi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya jadi haikurudi pamoja na jina jipya.

Ningependa pia wanajamvi watazame tuzo zisizodai albamu kabisa. Marekani ina tuzo ya taifa ya urithi inayotolewa tangu 1982 kwa mafundi wa sanaa za jadi, nayo hutazama maisha ya mtu katika sanaa yake. WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, ilifanya hivyo mwaka 2005 ilipomtuza Bi Kidude. Hapo hakuna anayeuliza wimbo ulitoka lini.

Katika msimu wangu wa pili nilipeleka maombi matatu kwa waandaaji: rekodi za kipengele hiki zisikilizwe zote hadi mwisho, jopo liongezewe mtu anayeijua jadi inayohusika na lugha yake, na kwenye fomu, pembeni ya "mtunzi", iwepo sehemu ya kuandika wimbo ulipokewa kutoka kwa nani. La kwanza lilikataliwa kwa kukosa muda, na badala yake tukapewa dakika sita kwa kila rekodi. Mengine mawili yalikubaliwa. Nilirudi kwa yule manju na fomu mpya, na safari hii aliingia kwenye watano wa mwisho, ingawa hakushinda. Sehemu ya "ulipokewa kutoka kwa" ilikuwa na mistari mitatu. Alianza na shangazi yake, akaendelea, na alipofika jina la nne nikageuza karatasi ili tuandike upande wa nyuma.